Mkono wa Labhu na Mtungi wa Achari

Labhu alisingiziwa achari. Ukisikia hivyo utacheka, utasema achari ni nini hata mtu aibebe moyoni mpaka nywele zimekuwa nyeupe. Lakini kaa Gondal kidogo, mji wa Gujarat kule India, kaa kwenye nyumba ya wakwe, halafu uambiwe mbele ya watu kwamba mkono wako unaozesha chakula. Hapo ndipo utajua kama ni jambo la kuchekwa.

Ulikuwa mwaka wake wa pili wa ndoa. Nyumba ile ya wauza kamba na magunia ilikuwa chini ya mama mkwe, ambaye wote walimwita Ba. Ba alikaa kwenye pembea ya ukumbini tangu asubuhi, funguo zinaning'inia kiunoni, akitazama nani kaenda wapi na karudi na nini. Alikuwa na wana wawili. Mkubwa, Vajubhai, alimwoa Kanchan. Mdogo, Ratilal, alimwoa Labhu. Basi wake wawili, jiko moja, na mama mkwe mmoja aliyewatosha wote na akabaki.

Kila kiangazi, embe mbichi zikifika sokoni, nyumba ilijaza mitungi ya kauri achari ya mwaka mzima. Embe zikatwe, zitiwe chumvi na manjano, zianikwe juu ya paa, kisha uwatu na haradali na pilipili na mvuje, na mafuta ya ufuta mpaka yafunike. Na katika kazi hiyo kulikuwa na amri moja iliyozidi zote. Mwanamke aliye kwenye siku zake asikaribie. Walisema "amekaa kando", na kando kweli: siku tatu halali kitandani, haingii jikoni, hagusi maji ya kunywa, sahani yake anawekewa chini kama ya paka. Mtungi wa achari ndio hata kivuli chake kisiuangukie, kwa sababu itaoza. Nani aliona ikioza? Hakuna. Ila bibi yake Ba alisema, na bibi wa bibi yake alisema, na wote wamekufa, sasa utamuuliza nani?

Mwaka ule mvua zilipoanza, Ba akafungua mtungi mkubwa kuliko yote. Juu kumeota ukungu mweupe kama pamba, na harufu ikatoka ikamfukuza hadi mlangoni. Akaamuru mtungi uburutwe ukumbini, wanaume wakiwa wamekaa chini wanakula mchana, baba mkwe katikati.

"Nani kanifanyia hivi?" Ba akauliza.

Kanchan akajibu upesi, kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa. "Ba, mimi sitaki kumsema mtu vibaya. Ila wiki ile tunajaza, Labhu alikuwa amekaa kando akaficha. Nilimwona anatoka stoo."

Labhu alikuwa amesimama na chapati ya moto mkononi, pindo la sari limemfunika uso mpaka kidevuni. Mke wa mtoto hasemi mbele ya baba mkwe. Hasemi mbele ya kaka wa mumewe. Hata paa likishika moto atamnong'oneza mtoto, mtoto akawaambie wakubwa. Kwa hiyo hakusema. Akaweka chapati kwenye sahani ya baba mkwe, akarudi jikoni, na kunyamaza kwake kukawa ushahidi.

Na Labhu hakuwa kwenye siku zake hata kidogo. Tangu kiangazi alikuwa na mimba changa ambayo hajamwambia mtu. Muda si mrefu tumbo likajulikana, na kila mwenye vidole angeweza kurudi nyuma akahesabu. Hakuna aliyehesabu. Wangehesabu, wangelazimika kumwomba radhi.

Adhabu haikuwa ya siku moja. Labhu asiguse mtungi tena, basi. Kila kiangazi wanawake wa mtaa wakikusanyika kukata embe na kusengenyana, yeye alibaki jikoni akiwapikia wakataji. Akienda kwa jirani, jirani anamkaribisha kwa mdomo huku anausukuma mlango wa stoo kwa kisigino. Binti yake mwenyewe, yule yule aliyekuwa tumboni, alipoolewa, mtungi wa kwenda nao kwa wakwe ulijazwa na Kanchan. Mama mzazi alisimama mlangoni anatazama.

"Tusimtie mtoto mkosi, Labhu," Kanchan alimwambia kwa sauti laini. Angetukana ingekuwa nafuu.

Ba akafa, baba mkwe akafa. Funguo zikahamia kiunoni kwa Kanchan, na Kanchan akahamia kwenye pembea, maana magoti yalikuwa yamemgomea. Kazi haikuhama. Kazi ilibaki pale pale kwa Labhu.

Maji ya bomba huja alfajiri na kukatika kabla jua halijakaa sawa, kwa hiyo Labhu ndiye wa kwanza kuinuka. Anajaza ndoo, anajaza madebe, anajaza vyombo vya shaba. Kisha chai ya maziwa na tangawizi. Ya Vajubhai haina sukari kwa sababu ya kisukari, na ya Ratilal ina sukari ya watu wawili, kama vile anamnywea na kaka yake. Mikate ya uwele ya jana inapashwa. Wanaume wanaoga, mmoja anapoteza taulo, mwingine miwani, wa kuvitafuta vyote ni Labhu. Wakishaenda dukani ndiyo anaanza chakula cha mchana: mchuzi wa dengu, mboga, wali, chapati.

Chapati za nyumba ile ni nyembamba, na huliwa zikiwa bado zimevimba kwa moto, moja moja. Mpikaji habanduki jikoni mpaka mlaji wa mwisho aseme imetosha. Na wanaume wa pale hawasemi. Wanafunika sahani kwa kiganja, ukigeuka kiganja kimeondoka. Wakimaliza wanaume, watoto wanakula, wakimaliza watoto, Kanchan anakula kwa ajili ya magoti yake, na mwisho kabisa Labhu anakaa sakafuni na Hetvi, wanakula kilichogandia chini ya sufuria. Wakinawa mikono, ni kuosha vyombo, kisha chai ya alasiri, kisha wali wa choroko wa jioni, na mtindi, na vyombo tena. Vyombo vya nyumba ile ungedhani vinazaana.

Huyu Hetvi ni mke wa Jignesh, mtoto wa Kanchan. Alisoma Rajkot, mji mkubwa wa jirani, ana ulimi, na alimpenda Labhu kwa sababu moja tu, kwamba Labhu hakumwambia kila kitu mara mbili.

"Kaki, kula basi," Hetvi alikuwa akimwambia, maana ndivyo anavyoitwa mke wa baba mdogo. "Hizo sufuria hazikimbii."

"Zingekimbia ningezipigia makofi."

"Mgongo je?"

"Upo. Ulidhani umesafiri?"

Na kutoka kwenye pembea sauti ingefika, "Labhu, dengu leo umetia chumvi mara mbili?"

"Mara moja, Kanchanben," Labhu anajibu kwa "ben" ya heshima, yaani dada, kisha anaiambia sufuria, "Hiyo ya pili ni ya roho yako."

Hetvi akiwa kwenye siku zake, amri ilikuwa ile ile ya zamani. Mkeka kwenye kipenu cha nyuma, sahani yake peke yake, kikombe chake peke yake. Labhu ndiye aliyempelekea chakula, na hakukiacha mlangoni. Alikaa naye bega kwa bega, akanyoosha miguu.

"Kaki, umenigusa. Itabidi uoge."

"Nitaoga. Maji si nilijaza mwenyewe?"

"Mimi nakaa kando napumzika, wewe unafanya kazi yangu na yako. Hii adhabu ni ya nani?"

Labhu akacheka puani. Zake yeye zilikuwa zimekatika zamani, na hakuna aliyegundua ila kwamba sasa anafanya kazi mwezi mzima bila pengo. "Ulale," akamwambia. "Hizi ndizo siku pekee Mungu alizoliibia jiko akampa mwanamke."

Siku hiyo ndipo Hetvi alipomuuliza kuhusu mtungi. Mtaa mzima ulikuwa umeshamsimulia, alitaka kumsikia mwenyewe. Labhu akamweleza, mimba na yote, bila kupaza sauti, kama mtu anayesimulia ugonjwa.

"Sasa iliharibika kwa nini?" Hetvi akauliza.

"Mitungi niliiosha mimi. Kuikausha juani ilikuwa kazi ya Kanchan. Siku ile alipitiwa na usingizi na mtoto kifuani, mtungi mkubwa ukabaki kivulini. Niliuona."

"Na hukusema?"

"Ningemwambia nani, ukuta?"

Na alikuwa hatanii. Kwa Vajubhai, kaka wa mumewe, Labhu aliuambia ukuta kweli. Tangu aolewe hawajawahi kusemeshana uso kwa uso. Akitaka kumwarifu kwamba fundi wa pampu kaja, anavuta pindo la sari, anatazama ukutani, anasema, "Wangejua dukani kwamba fundi kaja," na Vajubhai, yupo hapo hapo, anamjibu kwa kukohoa.

"Na Baba mdogo Ratilal?" Hetvi akauliza. "Mumeo?"

"Ratilal aliniambia nivumilie. Hakuniambia mpaka lini."

Hetvi akarudi kwenye sahani. Alikula dengu zake, akalala.

Kiangazi kilichofuata Kanchan alisimamia achari kutoka kwenye pembea, anaelekeza kwa kidole, na Hetvi ndiye aliyetia mkono. Mvua zikaja zikapita. Achari ikatoka nzuri, nyekundu, inang'aa mafuta, embe bado zinalia menoni. Kanchan akajisifu nayo mtaa mzima. Hata kuhani wa hekaluni alipelekewa kopo, na kuhani, mtu asiyekula kwa kila mtu, akatuma aongezewe.

Majira ya baridi, Rasila, mdogo wake Kanchan, akaja na mumewe kutoka Rajkot. Siku hiyo Labhu alikuwa na homa tangu asubuhi. Alimwambia Kanchan, na Kanchan akamwambia afunge kichwa kitambaa, wageni wanataka mikate ya uwele, na mikate ya uwele ya Hetvi inatoka kama ramani. Basi Labhu akafunga kichwa, akakaa mbele ya moto, akawa anaipiga mikate kati ya viganja, pa, pa, pa. Ukumbini wanaume walikuwa chini kwenye mikeka, na Rasila kwa kuwa mgeni akakalishwa karibu na pembea ya dada yake. Mbilingani za kuchoma, samli, sukari guru, mtindi, na bakuli la achari katikati.

"Dada, hii achari umeifanyaje?" Rasila akasema kinywa kimejaa. "Yangu mwaka huu ni ngozi ya kiatu."

"Mkono safi tu," Kanchan akajibu. "Nyumba hii tunachunga nani anagusa nini. Sisi tulishafundishwa." Akainua kidevu kuelekea jikoni. "Kama hujui, muulize Labhu."

Rasila akacheka. Mumewe naye akacheka, bila kujua anacheka nini. Jikoni, mikate haikusita. Kicheko hicho Labhu alikuwa amekisikia mara nyingi mno, hata mikono ilishazoea.

Hetvi alikuwa anazunguka na samli, anamtilia huyu, anamtilia yule. Akafika mbele ya pembea, akasimama.

"Mama, achari hiyo si niliijaza mimi?"

"Wewe, mwanangu. Kwa maelekezo yangu."

"Nilikuwa nimekaa kando."

Rasila alikuwa na kipande cha embe kati ya meno. Kikabaki hapo hapo, hakijui kiende wapi.

"Anatania," Kanchan akasema. "Wasichana wa Rajkot, unawajua."

"Sitanii. Ilikuwa siku ya pili. Embe mlishakata, ningesema mngengoja nimalize siku zangu, zingelainika, na lawama ningepewa mimi. Nikanyamaza nikajaza. Mitungi yote. Na kopo la kuhani nilijaza mimi."

"Hetvi," Jignesh akasema chini chini, masikio yamemwiva. "Watu wanakula."

"Kuleni. Mmeila tangu mvua, nani kafa?"

Jikoni pa, pa ikakoma. Labhu akatoka, unga viganjani, kitambaa kichwani, pindo la sari limeteleza mpaka begani na hakulivuta. Hakumtazama Hetvi, hakuwatazama wageni. Alimtazama Kanchan.

"Kanchanben," akasema. "Basi mwaka ule iliharibiwa na nini?"

Sauti yake haikuwa kali. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka na anayetaka kujua upesi ili akakae chini.

Kanchan akashika mnyororo wa pembea. "Labhu, leo kuna wageni."

"Na siku ile walikuwepo watu. Iliharibiwa na nini?"

Aliyejibu hakuwa Kanchan. Vajubhai alikuwa anafuta sahani kwa kipande cha mwisho cha mkate, hata hakuinua kichwa. "Mtungi ulikuwa na maji chini," akasema. "Haukukauka. Mke wangu aliniambia mwenyewe wiki ile ile."

Tangu Labhu aingie nyumba ile, hilo ndilo neno la kwanza Vajubhai alilomwambia yeye mwenyewe na si ukuta. Na alilisema kama mtu anayetaja kulivyokuwa na joto jana.

"Ulijua?" Labhu akamuuliza, uso wazi.

"Mambo ya jikoni," Vajubhai akasema. "Mwanamume ataingiaje?"

"Kwa mdomo huo huo unaolia mkate."

Ratilal akaweka kikombe cha mtindi chini. "Labhu, sasa yaishe," akasema. "Limesemwa, umesikia."

"Wewe vumilia," Labhu akamwambia mumewe.

Kanchan akaanza kulia, kilio cha mtu mzima kisicho na machozi mengi. Alisema alikuwa binti mdogo. Alisema alikuwa na watoto wawili, wote wa kike, na Ba alikuwa ameshatamka kwamba atamrudisha kwao amtafutie Vajubhai mke mwingine. Mtungi ungekuwa ndio sababu. "Ningekwenda wapi, Labhu? Baba yangu asingenipokea. Nilisema nitakwambia baadaye. Kila mwaka nilisema mwakani."

Na hilo lilikuwa kweli, Labhu alilijua. Alikumbuka Ba alivyokuwa akiwaita wale watoto wawili "hasara yangu ya kwanza na ya pili". Angeambiwa wakati ule, chini chini, huko uani, pengine angeibeba mwenyewe kwa hiari. Lakini hakuambiwa. Alibebeshwa, na aliyembebesha akapanda juu ya mzigo akakaa.

"Maliza kula," akamwambia Kanchan. "Halafu twende barazani."

"Barazani kufanya nini?"

"Unajua."

Alasiri wanawake wa mtaa huwa kwenye baraza ya nyumba ile, na sinia za karanga za kuchambua, sauti zinapishana. Kanchan hakuwa amevuka kizingiti siku nyingi kwa sababu ya magoti. Labhu akamshika mkono, Hetvi akamshika wa pili, wakamtoa polepole, wakamkalisha. Wanawake wakasogeza sinia. Mmoja akauliza kama kuna msiba.

"Kanchanben ana neno," Labhu akasema. Yeye mwenyewe hakukaa. Alisimama ameegemea nguzo, homa imempanda, miguu inamwuma mpaka kwenye mfupa.

Kanchan akatazama sinia. Akasema mtungi ulikuwa na maji. Akasema kuukausha ilikuwa kazi yake, alilala. Akasema Labhu hakuwa amekaa kando mwaka ule, alimsingizia.

"Sema nilikuwa na nini," Labhu akasema.

"Alikuwa na mimba."

"Na ulijua lini?"

Kanchan akajibu. "Tumbo lilipotokea. Nilihesabu."

Kumbe yupo aliyehesabu. Baadhi ya wanawake pale walikuwa wameolewa mtaa ule baada ya mambo yale na walilelewa kwenye kisa hicho kama wanavyolelewa kwenye habari za mizimu. Jirani wa mkono wa kulia, yule wa kisigino, alichukua karanga moja akaichambua kwa makini sana, ndani hamna kitu, akaendelea kuichambua.

"Labhuben," mmoja akaanza, "sisi hatuku..."

"Mlikuwa mnafunga milango," Labhu akasema. "Haya, leo mmesikia."

Alikuwa amedhani siku hiyo ikifika atahisi kitu kikubwa, kama mtu anayetua ndoo kichwani. Hakuhisi. Alihisi homa, na kiu, na kwamba hajala tangu asubuhi. Haki ilikuwa imekuja na fimbo kama kikongwe, imechelewa, na ilipofika hakuwa na nguvu ya kuikaribisha.

Kanchan akamshika pindo la sari. "Nisamehe, Labhu. Mbele ya hawa wote nakuomba."

Baraza nzima ikamtazama Labhu. Walikuwa wakingoja ainame, amwinue mkubwa wake, wakumbatiane, ndivyo inavyokuwa, kisha mtu alete chai.

"Hapana," Labhu akasema.

Akalitoa pindo lake kwenye vidole vya Kanchan, kimoja kimoja, bila kuvuta kwa nguvu, kwa sababu magoti ya mtu ni magoti. Akamwambia Hetvi kwamba Kanchan atakapochoka kukaa, amrudishe ndani. Kisha akaingia, akapita ukumbini wanaume wamejilaza wanajifanya wamelala, akapita jikoni sahani za wageni zimejaa inzi. Hakuzigusa. Akaingia chumbani kwake na jua bado liko juu, akafunga mlango, akalala.